Mikrofoni Uliyopewa na Baba Yako

Mwanangu Eliya,

Nguo zako nimezikunja mimi, kwa hiyo usije ukasema mama yako hakushughulika na safari yako. Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutokula samaki wa jana, dada yako amekwisha kukuambia zote, na amekuambia kwa sauti ya kwaya, mimi sina la kuongeza. Kesho boti inaondoka Kalundu, kama mashine yake itakubali. Kalemie wanakungoja uhubiri kwenye ile radio yao. Mimi nina jioni hii na biki inayotoa wino ikipenda.

Jumapili walipokuita mbele uombewe, wazee walikuwekea mikono, mama wa kwaya wakakuwekea mikono, hata yule mama shemasi ambaye juzi tu alisema una sauti ya mbuzi aliyefungwa juani, naye akakuwekea. Mimi nilibaki kwenye benchi. Uliniangalia. Nikajifanya natafuta kitu ndani ya mikunjo ya kikwembe nilichojifunga kiunoni. Tangu siku hiyo watu wameeleza sana juu ya benchi lile: ati naogopa ziwa, ati simtaki yule msichana wako wa kwaya, ati nimeingia kanisa lingine kwa siri. Hakuna aliyepatia. Ukweli wenyewe ni mdogo na una aibu. Nina wivu. Nina wivu na mikrofoni. Nimekuwa mke mwenza wake miaka yote hii, na sasa imekuja kunichukulia na mtoto.

Cheka ukitaka, lakini soma mpaka mwisho. Sipendi kuandika mara mbili.

Wewe umemkuta baba yako akiwa Mchungaji Zakaria wa radio. Mimi nilimkuta akiwa Zakaria wa baiskeli. Alifunga kipaza sauti kwenye usukani akahubiri toka Sange mpaka Bwegera, kwa wakulima walioinama ndani ya mpunga, ambao hawakuinuka, ila walisikia. Alirudi nyumbani sauti imekauka kabisa. Akinena, ni kama mtu anayeburuta kiti. Na sauti hiyo mbaya ndiyo aliyonisimulia nayo kila kitu: nani alicheka, nani alitupa tope, nani alilia. Hakuna mwingine aliyeweza kumwelewa. Nilikuwa mwanamke mwenye furaha, na sikujua, maana hakuna aliyenitangazia.

Halafu kanisa likafungua radio hapa Uvira, kule juu ya mji, chumba kimoja chenye blanketi ukutani ili kelele za mitaani zisiingie, na baba yako akapewa emisiyo, kipindi cha mahubiri cha asubuhi. Akajiwekea sheria ambayo wewe mwenyewe umeishi nayo: kabla ya emisiyo, hasemi. Anatunza sauti. Anakunywa maji ya moto yenye tangawizi. Namuuliza, "Chai au uji?" ananyoosha kidole. Akirudi, amechoka, anatunza sauti ya kesho. Mimi nikawa namsikia mume wangu namna wanavyomsikia watu wa Mutarule, kwenye radio, kati ya wimbo na tangazo la sabuni.

Na ndani ya mahubiri yake nilikuwemo, lakini bila jina. "Kuna mama mmoja ninayemjua," alipenda kusema, "akikasirika, sufuria zote mtaani zinajua." Jirani zangu wakanisalimu huku wanatazama sufuria zangu.

Siku moja alikuja mwanamke wa Sange, amevaa vizuri, amebeba mchele kichwani.

"Hodi! Kwa Pasta ni hapa?"

"Ni hapa. Karibu, mama."

"Nimemuletea muchele ya mupya. Weye ni mutumishi wake?"

"Minye ni bibi yake."

Akanipima toka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Aah! Kumbe Pasta iko na bibi?"

"Iko naye. Na batoto bawili."

"Lakini ku radio hasemaka."

"Ku radio hakuna nafasi, mama. Kuna sabuni."

Alicheka, akakaa, akanywa maji yangu. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo sijakimeza. "Juzi Pasta alikuwa na mafua, si ni kweli? Nilisikia ile 'm' yake inapita kwa pua." Ilikuwa kweli. Alikuwa na mafua, na mwanamke wa Sange alijua, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikujua, kwa sababu hakuwa amenena nami neno lenye "m" ndani yake. Ule mchele niliupika. Ulikuwa mtamu. Hilo likaniudhi zaidi.

Nakuambia haya ili ujue nilikuwa mwanamke wa namna gani vita vilipofika. Unajua sisi hapa tukisema vita, mtu lazima aulize ni vita vipi. Nasema vile vya ulipokuwa mdogo, unakataa kubebwa, na kutembea pia unakataa.

Tulikuwa tumepatana na baba yako: bunduki zikilia mjini yeye akiwa radioni, mimi nachukua watoto naenda Bwegera kwa kaka yangu, yeye atatufuata. Mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba bunduki zilikuja kwa njia ile ile ya Bwegera, toka kule bondeni. Watu wa bonde walikuwa wanashuka wamebeba magodoro, na mimi ningepanda kuelekea wapi? Umati uliamua kwa niaba yangu. Tukafuata ziwa kwenda kusini, dada yako ananishika kikwembe, wewe unalia juu ya kila bega lililokubali, mpaka Swima.

Swima tulipokelewa na Mama Furaha, mjane mwenye kuanika ndagala, vile visamaki vya ziwa. Sikumwambia mimi ni mke wa mchungaji. Angenipa kuongoza maombi, na mimi nilitaka kulala. Nikamwambia jina langu la kuzaliwa, Nabintu, toka Bwegera. Ilitosha. Aliuliza tu kama najua kutoa mchanga ndani ya ndagala. Nilijua.

Wakubwa wapya wa mji walikataza radio kutoa habari. Lakini maombi waliyaruhusu, na majina ya waliopoteana waliyaruhusu. Basi baba yako akapewa kazi hiyo. Kila magharibi, jina la mtu, mahali alipo, anayemtafuta, halafu ombi fupi kwa jina lake. "Mama wa Mutarule mwenye mapacha, watoto wako wako Sange kwa mwalimu. Bwana, mrudishie." Nusu ya Swima ilijaa barazani kwa Mama Furaha, kuzunguka radio ambayo mawe yake, zile betri, tuliyaanika juani mchana kutwa pamoja na ndagala ili yapate nguvu. Jina likitajwa, mwenyewe anapiga kelele, wengine wanamkamata asianguke. Nimeona mwanamke akiondoka hapo hapo kuwafuata watu wake, bugali mkononi.

Na mimi nilikaa pale nikimsikiliza mume wangu akiwaita wake za watu.

Hakutuita sisi. Jioni ya kwanza nikasema, hajafika kwetu kwenye orodha. Zilizofuata nikaacha kujisemea. Nilijua sheria yake nyingine, ile ambayo juzi nimemsikia akikufundisha chini ya paa langu: mikrofoni si ya nyumba ya mhubiri. Isitoshe niligundua anasoma mbio. Anakata maneno, anaruka pumzi, kama mtu ambaye boti inamwacha. Kichwa cha mwanamke mwenye wivu hakilali, Eliya. Nikawaza: anakimbilia wapi? Nani amempikia?

Wavuvi wa Swima walikuwa wakivuka usiku na karatasi za watu kuzipeleka radioni. Mimi nilikuwa najua kuandika. Nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti ambayo wauzaji walifungia ndagala, ndiyo sababu habari zote za dunia kwangu zina harufu ya samaki. Ningeandika mstari mmoja: "Zakaria, mke wako na watoto wako Swima." Basi. Lakini mimi nilijiona mjanja. Nikaandika: "Nabintu wa Bwegera, iko Swima na watoto wawili, anamtafuta mume wake." Jina hilo alilijua. Ndilo aliloniita wakati wa kipaza sauti na baiskeli, kabla sijawa Mama Eliya. Nikasema, kama niko moyoni mwake, atalifikia jina langu na sauti itakwama. Nilitaka hiyo tu. Sikutaka blanketi wala chakula. Nilitaka sauti ile isiyokwama kwa mtu ikwame kwangu, na bonde lote lisikie.

Jioni ikafika, akalifikia jina langu. Akalisoma, "Nabintu wa Bwegera," safi kabisa, kama anasoma bei ya chumvi. Haikukwama. Nabintu kule Bwegera wako wengi kama punje za mchele, na macho yake yalikuwa yamekwisha kukimbilia jina linalofuata. Lakini kabla ya kulifuata, akaongeza la kwake:

"Mume wa mama huyu, kama unanisikia, haya! Mwanaume gani anaacha bibi na watoto Swima? Amka, umfuate. Bwana akusamehe."

Mama Furaha alijipiga mapajani. "Nabintu! Umesikia? Pasta anamugombeza bwana yako!"

"Nimesikia."

"Amemugombeza muzuri! Akisikia ile, atapata haya."

"Hatasikia."

"Juu ya nini?"

"Bwana yangu hajisikilizaka."

Hakuelewa. Nilicheka mpaka machozi, na wote barazani wakafurahi kwamba maombi ya Pasta yamenigusa.

Baada ya jioni ile sikutuma karatasi nyingine. Mitumbwi ilienda na kurudi, wavuvi waliniuliza, "Mama, hakuna barua?" nikasema hakuna. Nilijiambia nimekwisha kumwita, kama ni kiziwi shauri yake. Wewe ulipouliza baba yuko wapi, nilinyoosha kidole kwenye radio. Ukaenda ukaangalia nyuma yake.

Pwani ilipotulia kidogo, tukapanda boti tukarudi Uvira. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Aliyetoka kutupokea ni Mateso, opereta wa radio, ambaye alikuwa jirani yetu.

"Mama Eliya! Muko bazima? Lakini Pasta iko anabatafuta Bwegera!"

"Bwegera gani? Jana magharibi nimemusikia ku radio."

"Ile ni kaseti, mama. Anasomaka majina asubuhi, mbio-mbio, minye napiga kaseti magharibi. Saa ile yeye iko mbali, juu ya kinga, ile baiskeli yake. Sange, Mutarule, Bwegera. Bakimurudisha ku bariyeri, kesho anarudia. Hatujamwambia aache. Ni nani atamwambia?"

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni. Ndiyo mbio zile. Alikuwa anasoma haraka ili apande baiskeli aende kunitafuta, na kwa haraka ile ya kunitafuta, akanipita.

Alirudi baada ya siku chache, kwa miguu, si juu ya baiskeli. Kwenye bariyeri moja ya barabarani askari walimpiga kitako cha bunduki gotini na baiskeli wakabaki nayo. Ule mguu anaouburuta mpaka leo ndio huo. Wasikilizaji hawajui, maana mguu haupiti hewani. Alisimama mlangoni, akatuhesabu kwa macho.

"Muko bote?"

"Tuko bote."

"Mulikuwa wapi?"

"Swima. Nilikutumia karatasi. Nabintu wa Bwegera."

 Niliona anairudisha ile kaseti kichwani, anatafuta mahali. Akapata. Akakaa chini pale pale kizingitini, mguu umenyooka.

"Ile nilisoma," akasema.

"Ulisoma muzuri. Na ulimugombeza bwana yangu muzuri sana."

Baba yako alilia, Eliya, na akacheka, na sauti ikamkwama vibaya sana, kwa ajili yangu mimi, na msikilizaji alikuwa mmoja. Nilikuwa nimetamani kitu hicho kwa muda mrefu, na nilipokipata sikujua nikiweke wapi. Nikaenda kuchemsha maji ya goti.

Baadaye nilimuuliza. "Kwa nini hukutuita kwa jina? Siku moja tu."

"Mama Eliya, batu banakuja na majina mpaka ku mulango. Banalala pale. Ningeanza na ya kwangu, bangesema nini?"

"Bangesema Pasta iko na bibi."

 Alijua si utani.

Watu wa kanisani hupenda kisa hiki kiishie hapo, mke amejua alivyopendwa, wivu umekufa, tuimbe. Mimi sina la kuimba. Nilijua kwamba alinitafuta, na wivu ulibaki, ila ulibadili kiti. Mimi alinitafuta kimya. Wengine aliwatafuta kwa sauti. Nimeuguza goti lile miaka yote hii, nikilikanda kwa maji ya moto, na kila nikilikanda nawaza kwamba kulikuwa na radio kati yetu iliyofika kwake na iliyofika kwangu. Yeye angesema mara moja tu, "Mama Eliya, uko wapi?" Mimi ningeandika mstari mmoja wa kweli. Yeye alinyamaza ili watu wasiseme anaiba hewa yao. Mimi nilinyamaza ili nimkamate. Nusu ya mguu ule ni yangu, na sijawahi kumwambia, ila naamini anajua, kwa sababu nikilikanda kwa nguvu sana hasemi kitu.

Sasa wewe. Nilikusikia ile asubuhi ya majaribio, ulipoachiwa emisiyo ya baba yako. Nilifunga mlango, nikapunguza radio, nikasikiliza peke yangu kama mwizi. Una sauti yake. Kicheko kidogo kabla ya neno zito ni changu, na hukuniomba. Ilipoisha, wasichana watatu walipita hapa kuuliza kama wewe ndiye. Niliwaambia wewe ni mpangaji.

Yule Rehema wa kwaya, ambaye unadhani sijui jina lake, nimemchunguza. Anacheka mahali panapochekesha tu. Anafaa. Lakini ukimwoa, mtu huyo atakaa kando ya meza na wewe utakuwa na mahubiri mdomoni, na utatamani kuyatunza. Mpe mabovu. Mpe maneno ambayo hayajapikwa, yale ya kuburuta kiti. Wasikilizaji wape yaliyopikwa, hawatajua tofauti. Na usimwite "mama mmoja ninayemjua". Kama lazima umseme, mseme kwa jina, halafu urudi nyumbani ukapokee malipo yako.

Ukipata mafua, nataka nijue kabla ya Kalemie kujua. Nimeomba hilo kwa adabu.

Baba yako amekupa mikrofoni na amekupa sheria yake, na sheria yenyewe si mbaya. Usitangaze ndoa ya binamu yako, usiuze mbuzi wetu hewani, usijibizane na mashemasi. Hapo mtii. Lakini unasikia wanayosema sokoni. Wanasema wenye bunduki wako tena bondeni. Jana wauzaji wa Sange walifunga mapema na hawakueleza, na Bwegera hakuna simu inayoita. Huenda ni maneno. Huenda kesho kutwa nitakuwa barabarani tena na magoti haya, na baba yako na goti lake moja, na sijui umati utaamua twende wapi safari hii.

Kesho Kalundu nitakuja. Nitakuwekea mkono kichwani mbele ya wachukuzi na wauza mikate, na utainama, maana umenipita urefu. Ile mikrofoni siibariki. Nakubariki wewe. Lakini baraka yangu ina sharti, na sharti lenyewe naliandika hapa ili baba yako asilisikie akaanza kulitengeneza.

Ikiwa tutapoteana, na wao wakakuachia hewa, na watu wamelala mlangoni pako na majina yao, usinitafute kwa baiskeli. Usinitafute kimya. Soma polepole, na uanze na mimi. Sema, "Kabla ya majina yenu, namtafuta mama yangu," halafu utaje jina langu, lile la kuzaliwa na lile nililolipata kwako, na la baba yako baada yangu. Wakikasirika, waambie wangoje. Mimi nilingoja.

Mama yako